Miezi Minne Niliyoiita Miaka Mitatu

Faida, mtoto wangu wa kwanza, na wa kwanza pia kunijibu kwa Kiswidi mbele ya wageni,

Umeenda Husby kuwaaga wenzako na umesema utarudi kabla ya chakula. Nakujua, chakula kitapoa. Jua la Agosti bado linapiga ukuta wa jengo la mbele, watoto wa ghorofa ya chini wanacheza mpira, na baba yako amejilaza kidogo kwa sababu kesho atatupeleka uwanja wa ndege, wewe upande ndege ya Amerika, kabla ya zamu yake ya basi. Sanduku lako liko mlangoni. Kila nikipita naligonga kwa mguu, kisha naliomba samahani kama mtu.

Sitakuandikia habari za koti, wala za kula, wala za marafiki. Hayo nimekusemea miaka kumi na tisa mpaka yamekutoka puani, na nusu ya mambo ya nchi hizi wewe ndiye uliyenifundisha mimi. Nakuandikia habari moja ambayo sikukuambia. Ni ya mjomba wako Wilondja, ambaye mwezi ujao utakwenda kumwona gerezani huko Amerika. Umekua ukijua kwamba mdogo wangu yule amefungwa kwa sababu alifanya biashara ya bangi miaka mitatu. Si kweli. Ilikuwa miezi minne. Miaka mitatu niliitunga mimi, nikaiandika kwenye barua, nikaituma kwa hakimu.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Nimeliweka hapa mwanzoni ili nisije nikazunguka mpaka karatasi ikaisha, maana kuzunguka nakujua.

Sasa nikueleze lilivyotokea. Mwaka mmoja kabla ya vita kutufukuza Fizi, kwetu Kongo, Wilondja alikuwa na miaka minane, mimi kumi na saba. Alipewa mbuzi wa kuchunga, akalala, mbuzi wakaingia kwenye mihogo ya jirani. Babu yako akampeleka mbele ya wazee, barazani kwa chifu. Kabla hawajafika akamwinamia sikioni akamwambia, "Ukiulizwa, sema wamekula shamba lote." Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba kuku wa kulipia kosa. Shamba lilikuwa linaonekana kutoka pale barazani, limesimama, limeliwa matuta mawili ya pembeni. Wilondja akaulizwa, akasema kwa kilio, wamekula shamba lote. Mwenye shamba akacheka mpaka akashika tumbo. "Shamba lote? Mtoto huyu anataka tufe njaa? Ni matuta mawili tu, tena mihogo yenyewe ilikuwa michungu." Wazee nao wakacheka, kuku akachinjwa, tukala pamoja, na jambo likaishia pale.

Kwetu ndivyo kesi zilivyokwisha. Mkosaji anaongeza, aliyekosewa anapunguza. Ukija na kosa lako kwa kipimo chake kamili, watu wanasema huyu anapima, hajatubu. Ukilifanya kubwa, mwenye haki anaona aibu kukukamata nalo, analishusha mwenyewe. Nilikulia katika jambo hilo, na sikuwahi kuambiwa kwamba kuna mahali ambapo watu hawalijui.

Babu na bibi yako walipokufa, nilivuka ziwa na Wilondja hadi Kigoma, na katika kambi ya wakimbizi nikawa dada, mama na baba. Nilimnyoa, nilimchapa, nilimvuta shuleni kwa mkono. Hakuwahi kunikatalia neno. Ningesema leo ni Jumanne na kumbe ni Jumatano, angesema ndiyo dada, akaenda kufanya kazi za Jumanne. Wanawake wenzangu walinisifu kwa ajili yake, na mimi nilizipenda zile sifa kuliko nilivyopaswa.

Halafu nikaolewa, na faili langu na la baba yako, la wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo, likaitwa Sweden, nawe ukiwa tumboni. Faili la Wilondja lilikuwa peke yake kwa sababu amekuwa mtu mzima. Likaitwa Amerika. Alikuwa na miaka kumi na tisa siku tulipoachana, umri wako huu wa leo. Nilimpa maagizo mengi sana siku ile, kula hivi, vaa hivi, na mwisho nikamwambia, usifanye kitu bila kuniuliza. Akasema ndiyo, dada.

Kule alifanya kazi katika kiwanda cha kuku, kukata mabawa kwenye baridi, mpaka vidole vikawa havikunjiki. Mwenzake mmoja akamzoesha bangi ya kutuliza mikono. Baadaye mwenzake huyo akamwomba awe anaendesha gari Jumamosi kupeleka mifuko. Wilondja alijua kilichomo, sitamfanya malaika. Aliendesha tangu mwezi wa sita hadi wa tisa, ndipo polisi wakasimamisha gari. Wewe ulikuwa na miaka minane.

Alinipigia simu kutoka kizuizini. Nakumbuka maneno yote kwa sababu nimeyarudia kichwani nikiwa napanda ngazi za watu na ndoo mkononi, miaka kumi na moja.

"Dada, avoka, huyu wakili niliyepewa, anasema ninyamaze. Anasema ni mara ya kwanza, vitu ni kidogo, tungoje."

"Unyamaze namna gani? Ile ni akili ya wazungu. Kunyamaza ni kiburi. Wewe ni mgeni kwa watu, sema yote, omba pardon."

"Lakini avoka..."

"Avoka alikubeba mgongoni? Mimi nitamwandikia hakimu mwenyewe."

"Ndiyo, dada."

Nikaandika. Niliandika kwa Kiswahili kwenye meza hii hii, na Mama Njeri wa kanisani akaja kunigeuzia kwa Kiingereza, maana yeye ni Mkenya na Kiingereza kwake si kazi. Nilijieleza kuwa ndiye niliyemlea, na kwamba lawama ni zangu. Nikaandika kwamba mdogo wangu ameifanya kazi hiyo mbaya kwa miaka mitatu, kwamba ameaibisha ukoo wote, kwamba hatustahili kitu, tunaomba huruma tu. Mama Njeri akaweka kalamu chini.

"Hii miaka mitatu umeitoa wapi? Si uliniambia ni juzi tu ameanza?"

"Andika."

"Dada, hii ni korti, si kanisa. Hao ukiwaambia tatu, wanaandika tatu."

"Nikisema miezi minne wataona tunajipunguzia kosa. Andika mitatu."

Aliandika. Sijawahi kumsikia Mama Njeri akiniambia "nilikuambia," na kwa hilo peke yake Mungu ambariki. Siku ya pili niliipeleka barua dukani pale Vårby gård centrum, mtaani kwetu, ambako ndiko posta, nikaituma kwa rejista ili isipotee. Nilitoka pale nikijiona nimefanya kazi ya mtu mkubwa.

Barua ilifika vizuri sana. Mwendesha mashtaka aliisoma kwa sauti. Hakimu akamgeukia Wilondja, akamuuliza kama aliyoandika dada yake ni kweli. Wakili wake alikuwa anamvuta mkono. Ungekuwa wewe ungejibu nini, sijui. Najua alichojibu yeye, kwa sababu kimo kwenye faili, nimekisoma. Alisema, "Ndiyo. Dada yangu hasemi uongo." Mbele ya watu, katika nchi ya ugeni, na maisha yake yote mezani, hakutaka niitwe mwongo. Akapewa miaka ishirini.

Mimi huku nilikuwa nangoja. Nilingoja mtu wa upande ule acheke, aseme miaka mitatu gani, mbona gari lilikutwa na mifuko miwili tu. Kwa muda mrefu hata baada ya hukumu niliendelea kungoja, kama mtu aliyekosea kituo cha treni na bado amesimama mlangoni. Hakuna aliyepunguza.

Sasa sikia nilichofanya baada ya hapo, maana kosa la kwanza nilifanya kwa kutojua, na la pili nilifanya nikijua. Niliisimulia hadithi ile kama ilivyoandikwa. Kanisani nilisimama kila Jumapili ya maombi nikaomba kwa ajili ya mdogo wangu aliyepotea katika biashara ya bangi miaka mitatu. Akina mama walilia nami. Kadiri nilivyoisema ndivyo ilivyonikaa mdomoni, mpaka kuna siku niliisikia naona ni ya kweli. Na nyumbani nikaigeuza fimbo ya kukutishia. Ulipochelewa kurudi, mjomba wako. Ulipopata alama mbaya, mjomba wako. Ukakua na mjomba ambaye jina lake ni onyo, na yeye kila Jumapili akipiga simu swali lake la kwanza ni "Faida amekua namna gani?"

Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu, tulienda kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwako. Mwalimu wako alikuwa na daftari lake, akakusifu, akasema Faida ni mtoto mzuri, je nyumbani akoje? Nami nikafanya kama walivyofanya mama zetu wote mtoto akisifiwa mbele yao. Nikasema, huyu? Nyumbani ni mvivu, haoshi hata kikombe, na maneno yake si ya kuaminika. Nilikuwa nangoja mwalimu aseme hapana mama Faida, usiseme hivyo, mtoto ni mzuri huyu. Mwalimu akaandika. Niliona kalamu inakwenda. Akaita mkutano mwingine na mtu wa ustawi wa wanafunzi, kuzungumza kuhusu uongo wako.

Wewe ulikaa tu ukitazama meza. Ulikuwa unaosha vyombo vya nyumba nzima mimi nikiwa kazini kuhudumia wazee majumbani kwao, na hukusema neno. Kwenye treni, tulipokuwa tumekaribia Vårby gård, ndipo ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Varför ljög du, mamma?" Kwa nini nilisema uongo.

Nilikutazama pale kitini, macho chini, mikono kati ya magoti, nikamwona Wilondja kizimbani kama vile nilikuwa katika chumba kile. Nilielewa siku hiyo jinsi alivyosema ndiyo. Nilielewa kwamba niliwalea nyote wawili kwa mkono mmoja. Ningeweza kukuambia yote siku ile, treni ilikuwa na nafasi na muda ulikuwepo. Nilikununulia ice cream pale stesheni. Nisamehe kwa kikombe, nisamehe kwa mkutano, na nisamehe kwa ice cream.

Miaka mitatu baadaye ulirudi kutoka Hässelby koti likinuka bangi. Unajua ilivyo hapa kwetu, hata kuwa nayo mwilini ni kosa, kijana anachukuliwa anapimwa mkojo. Niliogopa, na nikiogopa napiga kelele. Nikakuuliza kama unataka kuwa kama mjomba wako. Nawe ukanijibu, "Men mamma, det är lagligt där nu." Sikuamini. Ukanionyesha kwenye simu kwamba kule kwenye jimbo lake bangi sasa ni halali. Duka la vioo, taa nzuri, vichupa vimepangwa, na bibi mwenye mvi, amevaa kama wale ninaowaogesha asubuhi, anachagua kama anayechagua peremende. Muuzaji anamchekea kwa upole.

Halafu ukauliza, "Sasa kwa nini bado yuko ndani?"

Nilikuambia nyamaza ukale. Ulikuwa umeuliza swali la mtu mwenye akili na nikakujibu kama ninayemfukuza mbwa. Usiku huo sikula mimi.

Nilitafuta jibu peke yangu, kwa simu yangu na kamusi yake. Nilidhani sheria ikibadilika milango inafunguliwa. Kumbe sheria mpya inaangalia mbele. Duka linafunguliwa leo, na aliyefungwa jana anabaki na jana yake. Baadaye wakaruhusu baadhi ya watu warudi mbele ya hakimu ili vifungo vyao vifutwe au vipunguzwe, lakini ni wale wa makosa madogo. Aliyeandikwa kuwa aliifanya biashara miaka hakuingia kwenye hesabu hiyo. Kinachomzuia mjomba wako si bangi tena, Faida. Bangi inauzwa barabara ya pili kutoka mahakama ile ile. Kinachomzuia ni miaka mitatu, na hiyo haiko popote duniani isipokuwa kwenye barua yangu na kwenye ile ndiyo yake.

Kabla ya Krismasi wakili mwingine, binti anayewasaidia wafungwa kama yeye kwa kujitolea, aliniandikia. Aliuliza kwa adabu nilijuaje kuhusu miaka mitatu, na kama bado nasimama na neno hilo. Ulikuwa umekaa sebuleni, ungeweza kunisomea kwa dakika moja. Nilizima simu nikaanza kumenya viazi. Nilijiambia sielewi Kiingereza. Kisha nikajiambia watanishitaki kwa kudanganya mahakama, pasipoti yetu itaingia matatani. Sababu hizo zilikuwa nusu kweli. Kweli nzima ni hii. Niliona akina mama wa kanisani, wale waliolia nami, wakijua kwamba miaka yote walikuwa wanaliombea tendo langu kwa jina la mdogo wangu. Nikaona ni heri akae ndani kidogo tena, mpaka nipate ujasiri. Niliwaza hivyo, mwanangu. Naandika ili ujue ni nani aliyekulea.

Wakasema wahenga mficha uchi hazai. Niliunukuu msemo huo kwenye barua ya hakimu, unaweza kucheka.

Wakati wa Pasaka yule binti akaandika tena. Alisema amemuuliza Wilondja mara tatu aseme ukweli kuhusu ile miezi, na mara zote tatu amejibu, "Dada yangu hasemi uongo." Alisema kesi itasikilizwa vuli hii, na kwamba bila mmoja wetu kuzungumza hawezi kufanya kitu. Nilisoma maneno hayo nikiwa kwenye ngazi za mzee wangu wa Jumatano, nikakaa chini na viatu vyangu vya plastiki. Mwanaume wa miaka thelathini na minane, mvi zimeanza, bado anafanya kazi za Jumanne kwa sababu mimi nilisema ni Jumanne.

Basi nimeandika. Nimeandika kwamba nilichosema si kweli, kwamba sikuona na sikuambiwa miaka mitatu, kwamba aliniambia miezi minne nami nikabadilisha kwa mkono wangu. Mama Njeri amekuja tena kunigeuzia. Akaniuliza, "Uko na uhakika?" Nikamwambia safari hii niko. Aliandika, halafu akanitengenezea chai jikoni kwangu mwenyewe. Baba yako nimemwambia jana. Akasema tu, "Ungeniambia," na tangu hapo anatembea nyumbani kwa hatua ndogo kama kuna mgonjwa. Jumapili nitasimama kanisani, wewe ukiwa umeshafika. Nimechagua iwe hivyo kwa sababu bado ni mwoga kidogo. Na siku ya kesi nitaulizwa na hakimu kwa video, na nitajibu.

Bahasha iko kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako la mgongoni. Mpe wakili mkononi. Ile ya kwanza niliipa posta, hii nampa mtoto wangu.

Usije ukadhani nakufundisha kuficha makosa yako. Ukikosea sema, lakini liseme kosa lako kwa ukubwa wake, na la mwenzio mwachie mwenyewe. Mimi nilikiri kosa la mtu mwingine, tena kwa unyenyekevu mwingi, na unyenyekevu ule ulikuwa wangu ila kifungo kilikuwa chake. Na jambo jingine. Nilikulea usinikatalie mbele za watu. Nililisimamia hilo kwa fimbo na kwa jicho. Sasa nalifuta. Nikisema uongo mbele ya mwalimu, mbele ya mchungaji, mbele ya hakimu, sema mama hiyo si kweli. Nitakasirika, bila shaka, nitanuna siku mbili kama ninavyojua kununa. Wewe sema tu.

Limebaki jambo moja, na hilo haliwezi kuandikwa kwenye bahasha ya wakili. Wilondja naye ataulizwa na hakimu. Karatasi yangu ikisema hivi na yeye akasimama kunitetea, tumekwisha. Jumapili iliyopita nilijaribu kumwambia kwenye simu. Nikaanza, "Wilondja, ile barua..." Akanikatiza kwa mara ya kwanza maishani mwake, tena kwa upole: "Dada, acha ile. Faida anakuja lini? Anakulaka pilipili?" Nikamjibu habari za pilipili, kisha ile mashine ya gereza ikasema dakika zimekwisha. Hataki kulisikia kutoka kwangu, kwa sababu akilisikia kutoka kwangu itabidi akubali, na akikubali atakuwa amesema dada ni mwongo. Lazima aletewe na mtu wa damu yetu, uso kwa uso. Kwetu mtu mkubwa akikosa uso wa kwenda mwenyewe humtuma mtoto wake, na neno la mtoto hupokelewa kama la mzazi. Mjomba wako anajua hilo.

Kwa hiyo utakapokaa mbele yake, msalimu kwanza. Usimpe maelezo yote haya, anayajua kuliko mimi. Mwambie unakula pilipili. Mkumbushe wale mbuzi na mihogo, atacheka, hajawahi kusikia habari hiyo bila kucheka. Akimaliza kucheka, mwambie nimekutuma hivi:

"Dada ndiye aliyekosa, na dada aliongeza. Wewe ndiye uliyekosewa. Punguza."

Mama yako